Dang'a tuliyoimwaga chini sasa yauzwa mkebeni

KUNA maneno ya Kiswahili yanayoelekea kusahauliwa, si kwa kuwa yamekosa kazi, bali kwa kuwa wenye kuyatumia wamelihama zizi. Mojawapo ni neno dang'a. Mwulize kijana aliyezaliwa na kulelewa mjini, naye huenda akadhani unamtajia jina la kijiji fulani. Lakini mfugaji atakujibu mara moja kwamba dang'a ni yale maziwa ya kwanza, mazito na ya rangi ya manjano, yanayotoka katika kiwele mara tu ng'ombe au mbuzi anapozaa. Mwanamke naye ana dang'a yake, na hiyo ndiyo hasa ninayotaka tuizungumze leo, msomaji mpenzi, ingawa haiwezekani kuifikia bila ya kupitia kwanza kwa ng'ombe.

Kilichonikumbusha neno hili ni mkebe nilioonyeshwa katika duka moja la dawa jijini Nairobi. Nilikuwa nimekwenda kununua dawa ya kiungulia. Kijana aliyekuwa akihudumia, mwenye adabu zake, akaniambia, "Mama, ngoja nikuonyeshe kitu kitakachomaliza shida hiyo pamoja na nyingine zote." Akaniletea mkebe wenye picha ya ng'ombe aliyesimama katika majani mabichi. Ndani yake mlikuwa na unga wa dang'a ya ng'ombe kutoka ng'ambo. Unga huo, alinieleza, huongeza kinga ya mwili, huutengeneza utumbo, hufukuza mafua na uchovu, huponya vidonda vya tumbo, na hata mikunjo ya uso huiondoa. Nilipouliza bei nikaona kwamba pesa hizo zingeinunulia nyumba yangu maziwa ya mwezi mzima. Nikamshukuru, nikalipia dawa yangu, nikaenda zangu.

Si bei iliyonishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba kitu hicho hicho, ambacho husifiwa namna hiyo kikiwa kimekaushwa na kuvuka bahari, kina mama wengi wa nchi hii wameambiwa miaka nenda miaka rudi wakikamue na kukimwaga chini kingali na joto la mwili, huku mtoto mchanga akilambishwa maji ya sukari.

Mimi nimelelewa katika boma la ng'ombe wa maziwa huko Nyandarua. Nyanya yangu alikuwa na sheria moja isiyovunjwa na yeyote: ng'ombe akizaa, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha, hakuna anayelala mpaka ndama amenyonya. Ndama akishindwa kusimama, alikamuliwa dang'a katika kikombe cha bati, akanyweshwa taratibu kwa vidole vilivyotiwa kinywani mwake. Ndama akishashiba, iliyobaki ilikuwa yetu sisi watoto. Ilitiwa katika sufuria na kuwekwa juu ya moto mdogo, na kabla hujahesabu mpaka mia ilikuwa imeganda kama mayai ya kukaanga. Tuliila kwa vidole, tukigombania ile iliyoshika chini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba hatukuwa peke yetu katika ulafi huo. Wahindi hupika dang'a kwa sukari guru na iliki, nao huiita kharvas. Watu wa Iceland na wa Finland wana vyakula vyao vya namna hiyo. Huko kote siri ni moja: dang'a ina protini nyingi mno kuliko maziwa ya kawaida, na protini hizo hushikamana zikipata moto. Kwa sababu iyo hiyo chama cha ushirika hakikuipokea. Karani wa maziwa alikuwa na kijichupa chake cha spiriti, na maziwa yako yakiganda yanapochanganywa nayo, ulirudi nyumbani na debe lako kichwani. Kwa hivyo dang'a haikuwa mali ya soko hata kidogo. Ilikuwa ya ndama kwanza, na masazo ni ya watoto.

Sheria ya nyanya ilikuwa na maana kuliko alivyoweza kutueleza. Ndama huzaliwa mnyonge sana. Miguu yake huweza kumbeba katika muda mfupi na macho yake huona, lakini damu yake haina askari wa kupigana na maradhi. Askari hao ndio wataalamu wanaowaita kingamwili. Kondo la nyuma la ng'ombe lina kuta zisizowaruhusu askari wa mama kuvuka na kuingia katika damu ya ndama aliye tumboni. Basi mama huwaweka katika dang'a, naye ndama huwapokea kwa kunywa. Utumbo wake siku hiyo ni kama lango lililoachwa wazi, nao hupita wakiwa wazima bila ya kusagwa. Lakini lango hilo huanza kujifunga baada ya saa chache tu, na zikifika saa 24 hivi limekwisha kufungwa. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo husisitiza kwamba ndama wa ng'ombe wa kizungu apewe lita 3 au 4 katika saa 6 za kwanza. Ukingoja mpaka kesho, hata ukimpa debe zima umechelewa.

Mwaka 1922, Theobald Smith na Ralph Little, waliokuwa wakifanya utafiti huko Princeton, Marekani, waliandika habari za ndama walionyimwa dang'a. Wengi walikufa katika siku chache. Vijidudu vya kawaida vya utumbo, ambavyo ndama wengine waliishi navyo bila ya shida yoyote, vilikuwa vimeenea katika viungo vyao vya ndani. Nyanya yangu hakupata kusikia habari za mabwana hao, lakini wangekutana wangeelewana haraka.

Sasa tumwendee binadamu. Hapa pana tofauti ambayo wauza mikebe hawaisemi. Kondo la nyuma la mwanamke huwapitisha askari kabla ya kuzaliwa, kwa hivyo mtoto wetu huja duniani akiwa tayari na kinga fulani ya mama katika damu yake. Kazi ya dang'a ya mwanamke ni nyingine. Askari wake hasa ni wale wasiokwenda katika damu, bali hukaa juu ya ngozi ya ndani ya utumbo, kooni na kinywani, wakavishika vijidudu kabla havijapenya. Tena askari hao si wa kuokoteza. Mwili wa mama huwatengeneza kupigana na vijidudu ambavyo yeye mwenyewe amekutana navyo, yaani vile vya nyumba ile ile na maji yale yale atakayokutana nayo mtoto. Zaidi ya hayo dang'a ina vitamini A kwa wingi, na hulegeza tumbo la mtoto ili atoe upesi kile choo cheusi cha kwanza, jambo linalosaidia kupunguza manjano ya watoto wachanga.

Basi kwa nini ikamwagwa? Nilishuhudia mwenyewe miaka michache iliyopita, mke wa mwana wa kaka yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuwa ametoka hospitali siku ile ile, nasi tulikuwa tumejaa chumbani kumpa pongezi. Wifi yangu, ambaye ni mama mkwe wake, akaingia na kikombe cha maji ya sukari na kijiko.

"Usimpe hayo ya manjano, mwanangu," akamwambia. "Ni machafu. Yamekaa humo miezi tisa. Ngoja meupe yashuke."

"Ndiyo, mama," binti akajibu akiwa ameinamisha uso.

Mimi nikamwuliza, "Wifi, ng'ombe wako akizaa, unamnyima ndama dang'a?"

"Nimnyime ili afe?" akanijibu kwa haraka. Kisha akaelewa nilikokuwa nikielekea, akacheka kidogo, akaniambia, "Wifi, mtu si ng'ombe." Akaweka kikombe mezani, akaenda jikoni kutazama uji. Mara mlango ulipofungwa, binti akamgeuzia mtoto titi. Nami nikawa ninatazama migomba iliyokuwa nje ya dirisha, kwa sababu mambo mengine ni heri mtu asiyaone.

Simdharau wifi yangu. Alikuwa akirudia aliyoambiwa na mama yake, naye kwa macho yake aliona kitu kizito cha manjano kinachofanana na usaha. Mawazo hayo hayakuanzia kwetu wala hayakuishia kwetu. Soranus wa Efeso, tabibu wa karne ya 2 aliyeheshimiwa sana katika dola ya Kirumi, aliandika kwamba maziwa ya mama hayamfai mtoto kwa siku 20 za kwanza, akashauri aanzishiwe asali. Akamlaumu pia tabibu mwenzake aliyesema mtoto anyonyeshwe mara moja. Vitabu vya Soranus vilifuatwa Ulaya kwa karne nyingi. Kwa hivyo anayesema kuimwaga dang'a ni ushamba wa Mwafrika na asome kwanza.

Katika nchi yetu kila upande ulikuwa na cha kumwanzishia mtoto. Kaskazini wapo waliompa samli au maziwa ya ngamia. Kwingine ilikuwa ni maji ya chumvi na sukari, na mjini ni ile dawa ya chupa ya kutuliza msokoto wa tumbo. Pwani, Waislamu humpaka mtoto mchanga tende iliyolainishwa katika kaakaa, nayo ni sunna inayoheshimiwa. Lakini hapo yafaa tutofautishe: kupaka tende kidogo ni jambo moja, na kumnyima mtoto titi kwa siku tatu ni jambo jingine kabisa, wala sunna hiyo haisemi dang'a imwagwe. Kurani yenyewe inawataja kina mama kunyonyesha miaka miwili kamili, nayo miwili haiwi kamili kama siku za mwanzo zimeondolewa.

Hasara ya siku hizo imepimwa. Huko Ghana, watafiti waliofuatilia watoto 10,947 walichapisha mwaka 2006 hesabu iliyoshtua wengi: vifo 22 katika kila 100 vya watoto wachanga vingeweza kuzuiwa kama wote wangenyonyeshwa katika saa ya kwanza. Mwaka 2016 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa zaidi uliokusanya watoto 99,938 wa Ghana, India na majirani zetu wa Tanzania. Waliochelewa kunyonya mpaka baina ya saa ya 2 na ya 23 walikuwa na hatari ya kufa katika mwezi wa kwanza iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya walionyonya katika saa ya kwanza. Waliochelewa kupita siku nzima, hatari yao ilizidi kwa asilimia 79. Hebu zifikirie hesabu hizo pamoja na kile kikombe cha maji ya sukari, ambayo pengine hayakuchemshwa, kikimfikia mtoto kabla ya askari wake.

Hata hivyo tumepiga hatua ambayo hatujisifii vya kutosha. Uchunguzi wa afya ya jamii uliofanywa Kenya mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakipewa maziwa ya mama peke yake bila ya kitu kingine. Mwaka 2014 walikuwa 61. Mwaka 2022 walikuwa 60, maana yake tumesimama. Sheria ya mwaka 2012 inakataza kutangaza maziwa ya mikebe ya watoto wachanga. Na kwa kuwa najua kuna atakayeuliza juu ya virusi vya Ukimwi: mama aliye na virusi na anayemeza dawa zake kila siku kama alivyoagizwa hushauriwa hapa nchini naye anyonyeshe, mtoto akipewa pia dawa za kumkinga. Aende kliniki aelezwe, asisikilize ya sokoni.

Sasa turudi kwa ule unga. Je, haufai kitu? La, sitasema hivyo, kwani haki ni haki. Mwaka 1988 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za watu waliojitolea kunywa vijidudu vya kuharisha. Kumi walikuwa wamepewa kingamwili zilizotolewa katika dang'a ya ng'ombe, na kumi hawakupewa. Katika wale wa kwanza hakuna hata mmoja aliyeharisha. Katika wale wengine waliharisha 9. Hayo si mambo ya kudharau. Lakini angalia vizuri jinsi yalivyofanyika. Ng'ombe wale walichanjwa makusudi dhidi ya vijidudu vya aina hiyo, ndipo miili yao ikatengeneza askari wanaovijua. Ng'ombe wa kawaida wa New Zealand au Marekani, ambako unga mwingi hutoka, amepambana na maradhi ya malisho yake. Hajui lolote juu ya homa ya matumbo ya Mukuru wala kipindupindu cha Mombasa.

Wauzaji hupenda pia kumtaja Dkt. Albert Sabin, mwenye ile chanjo ya polio ya matone. Ni kweli kwamba mwaka 1962 yeye na mwenzake walichapisha kwamba dang'a na maziwa, ya wanawake na ya ng'ombe, yana nguvu ya kuzuia virusi vya polio. Lakini chanjo yake haikutengenezwa kwa dang'a. Ilitengenezwa kwa virusi vya polio vyenyewe vilivyodhoofishwa.

Jambo jingine ni kwamba mtu mzima si ndama. Lile lango la siku ya kwanza kwetu halipo. Askari wa ng'ombe tunaowameza huwa ni protini kama ya nyama, na tumbo huwasaga wengi wao. Wachache wanaopona hufanya kazi humo humo utumboni, hawaingii katika damu wakazunguka mwilini. Kwa hivyo ahadi kwamba unga huo utakufukuzia mafua na maradhi ya kila namna imekwenda mbali mno. Panapo ushahidi wenye uzito ni juu ya utumbo, tena kwa watu wachache waliochunguzwa. Uingereza, mwaka 2011, wanamichezo 12 walipimwa baada ya kukimbia kwa nguvu. Mbio kali hupasha mwili joto na kuufanya utumbo upitishe vitu usivyopaswa kupitisha. Waliokuwa wakinywa dang'a kwa wiki mbili, uvujaji huo ulipungua sana. Lakini walikunywa gramu 20 kila siku. Vidonge vingi madukani ni vya nusu gramu. Piga hesabu mwenyewe ni vidonge vingapi, kisha utie mkono mfukoni.

Habari za mbio zina wenyewe katika nchi hii, na hapa sina budi kuwaonya vijana wa Iten na Eldoret. Shirika la kimataifa la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, halikuipiga marufuku dang'a yenyewe. Lakini ndani yake mna vichocheo vya ukuaji, na kimojawapo, kinachoitwa IGF-1, kimo katika orodha ya vilivyokatazwa. Kwa sababu hiyo WADA hailipendekezi jambo la wanamichezo kutumia unga huo, kwani unaweza kuathiri matokeo ya vipimo. Mtu aliyekimbia milima miaka kumi akitafuta riziki, asije akaipoteza kwa kijiko cha unga alichopewa na rafiki. Mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe naye ajiepushe nao, na mtoto mchanga asipewe kabisa, hata mkebe uwe na picha nzuri namna gani.

Na ndama je? Wauzaji wengi huandika kwamba hukamua ile iliyobaki tu ndama akishashiba. Huenda ikawa hivyo kwa ng'ombe wakubwa wa ng'ambo wanaotoa dang'a nyingi. Lakini nawajua wafugaji wetu na nazijua shida zao. Siku atakapopita mnunuzi mashambani akitoa bei nzuri kwa dang'a, kama tulivyoona wakipita wanunuzi wa vitu vingine vingi, sijui ni mangapi kati ya maboma yetu yenye ng'ombe mmoja au wawili yatamkumbuka ndama kwanza.

Dang'a ya mwanamke haina mnunuzi, tena ni kidogo. Mtoto siku ya kwanza hupata kama kijiko kimoja cha chai kila anyonyapo, na tumbo lake dogo halihitaji zaidi. Wengi hudhani mama hana maziwa, kumbe ndivyo ilivyo kwa kila mama. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na asiyeweza kunyonya, mkunga humfundisha mama yake kukamua kwa mkono, tone kwa tone, katika kikombe kisafi, na matone hayo humfikia mtoto kwa kijiko au kwa mpira mwembamba. Katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani ilianzishwa mwaka 2019 benki ya maziwa ya kina mama, ya kwanza katika nchi hii, kwa ajili ya wachanga ambao mama zao ni wagonjwa au wamefariki. Wanaotoa maziwa hupimwa, na maziwa yao hupashwa moto ili kuua vijidudu. Moto huo huua pia baadhi ya askari. Kwa hivyo mama mwenyewe akiweza kukamua, hata kama ni matone matatu tu chini ya kikombe, hayo ndiyo hutangulia kinywani mwa mtoto, na ya benki hufuata.